UZI: Mbuzi na kondoo wanakufa, kila mtu anakimbilia sindano ya ndigana kali. Tuongee kupe na wadudu wa damu

Mzee wa Zizi (mleta uzi)

Wakuu salama?

Huu uzi nilikuwa nauahirisha ila juzi kule kwenye uzi wa mbuzi wa kisasa nimeona watu wanashauriana "piga buparvakwoni huyo ataamka" (ile sindano ya ndigana kali), mwingine anajibu "dozi mbili kabisa", nikaona hapana, hela za watu zinateketea na mbuzi wanakufa vile vile. Mimi ni afisa mifugo ngazi ya kata, mkoa wa Tanga, na mwenyewe nafuga mbuzi na kondoo kidogo.

Naanza na lile litakalowaudhi wauza dawa. Ndigana kali ya ng'ombe HAIMPATI mbuzi wala kondoo. Yule mdudu wake, Theileria parva, makazi yake ni ng'ombe na nyati. Mbuzi wako alale zizi moja na ng'ombe, ang'atwe na kupe yule yule wa masikio, haugui ndigana kali. Kwa hiyo ukimchoma dawa ya bei ile iliyotengenezwa kwa ajili ya theileria, unatibu ugonjwa ambao hana.

Sasa mtu atasema mbona maabara walimkuta mbuzi wangu na theileria. Ni kweli, wanazo za kwao, Theileria ovis na Theileria separata, wanasambazwa na yule kupe mwenye miguu myekundu ambaye watoto wake wanajificha ndani kabisa ya tundu la sikio na wakubwa wanakaa chini ya mkia. Ukipima damu ya mbuzi wa kijijini hawa utawakuta sana tu, mbuzi mwenyewe anakula, anazaa, hana habari. Kuwaona kwenye slaidi si sawa na kusema ndio wanaomuua.

Wanaomsumbua mbuzi na kondoo kwa huku kwetu ni hawa:

Wa kwanza na mbaya kuliko wote ni moyo kujaa maji. Huyu si mdudu wa kwenye chembe nyekundu, ni bakteria (Ehrlichia ruminantium) anayeishi kwenye utando wa ndani wa mishipa midogo ya damu, na kupe wake ni yule mkubwa mwenye madoa ya rangi mgongoni na miguu yenye pete nyeupe, yule akikung'ata unaruka. Mishipa ikishaharibika inavuja, maji yanajaa kifuani, kwenye mfuko wa moyo, mapafu yanalowa, ubongo unavimba. Ndo maana utaona mbuzi jana alikuwa mzima, leo ana joto 41 na zaidi, hali chakula, kesho anatembea ananyanyua miguu juu juu kama anavuka matope, anatafuna wakati mdomoni hamna kitu, kope zinacheza, anaanguka na kupiga miguu hewani, povu puani, kwisha. Kutoka kung'atwa mpaka joto kupanda ni kama wiki mbili hivi, kwa hiyo mtu anasahau kabisa habari ya kupe anasema karogwa.

Wa pili ni anaplasma, Anaplasma ovis, huyu ndo kile tunaita ndigana baridi. Anakaa pembeni ya chembe nyekundu, mwili wenyewe unaziona zimeharibika unaziondoa, mnyama anapungukiwa damu taratibu. Mara nyingi anakaa kimya mwilini hata miaka, mpaka mbuzi apate shida nyingine, ukame, safari ndefu kwenye lori, minyoo, mimba kubwa, hapo ndo anainuka. Hakojoi damu, hilo mlishike.

Wa tatu babesia, kukojoa damu. Kwa ng'ombe tunaiona sana, kwa mbuzi na kondoo wa huku ni nadra. Kule Uturuki na nchi za Mediterania ndo Babesia ovis inawatesa kondoo vibaya. Sijasema haipo, nasema isiwe wazo lako la kwanza.

Na sasa ninachotaka kusema hasa, ambacho ndicho sababu ya uzi. Mbuzi mweupe machoni (utando wa ndani ya kope umepauka), aliyedhoofu, nywele zimesimama, UWEZEKANO MKUBWA NI MINYOO, siyo kupe. Yule mnyoo wa tumbo anayenyonya damu, Haemonchus, anaua mbuzi na kondoo wengi kuliko anaplasma na babesia kwa pamoja kwenye mazizi ninayopita mimi. Ukiona na uvimbe laini chini ya taya, kama kafuko ka maji, jioni kanakuwa kakubwa asubuhi kamepungua, huyo ni minyoo mpaka maabara iseme vingine. Na mnyoo huyu peke yake hampandishi mbuzi joto. Kwa hiyo kabla ya sindano yoyote, kipimajoto. Kinauzwa bei ya soda chache tu. Mbuzi mzima ni 38.5 mpaka 39.7 hivi, akiwa ametoka juani mchana anaweza kupanda kidogo, mpime asubuhi.

Joto juu na kupe wapo = fikiria kupe. Joto kawaida, macho meupe, taya imevimba = fikiria minyoo. Sio sheria ya Mungu ila itakuokolea hela.

Karibuni.

---

Fundi Manati

Nimekaa paleee na kiti changu. Wauza dawa wakija waniamshe 😂

---

Kidume cha Chalinze

Mkuu umenigusa pabaya. Mimi nimeleta machotara ya Boer, wale mbuzi wakubwa wa nyama, kutoka Dodoma, nikachanganya na hawa wetu wa kienyeji. Wiki ya tatu beberu akaanza hivyo hivyo ulivyosema, miguu juu, anatafuna hewa, povu, akafa usiku. Jike moja nalo sasa hivi halina nguvu, macho meupe peee na hako kafuko chini ya taya kapo. Dukani nimeuziwa buparvakwoni chupa ndogo nimepiga wote wawili. Wale wa kienyeji hawana hata mafua. Nifanyeje na kwa nini wanakufa wageni tu?

---

Mzee wa Zizi

Pole sana chifu. Hapo una magonjwa mawili kwenye zizi moja, usiyachanganye.

Beberu kwa maelezo yako ni moyo kujaa maji, dalili umezitaja mwenyewe. Wakifa wengine, usizike haraka. Slaidi ya damu ya sikio haitakuonyesha mdudu huyu, anaonekana kwenye mishipa midogo ya ubongo. Kata kichwa kizima, funga kwenye mifuko miwili, weka kwenye barafu, peleka. Wewe Chalinze uko karibu na TVLA, maabara ya mifugo ya serikali, pale Temeke, wao wanaponda kipande kidogo cha ubongo kwenye kioo, wanapaka rangi, wanaangalia. Na mkimpasua kifua angalieni: mfuko wa moyo una maji ya rangi ya majani ya chai hafifu, mapafu yamelowa, koo la hewa limejaa povu.

Jike peleka kinyesi kibichi kwenye maabara hiyo hiyo, wahesabu mayai ya minyoo, na damu ya sikio pia kwa ajili ya anaplasma. Usingoje majibu ndo umpe dawa ya minyoo, mpe leo. Pima uzito angalau kwa kamba ya kifuani, watu wengi wanakadiria mbuzi wa kilo 40 kuwa 25 halafu wanalalamika dawa ni feki.

Kwa nini wageni tu: wale wa kwako wamezaliwa kwenye kupe. Mtoto wa mbuzi siku za mwanzo ana uwezo wa kuzaliwa nao wa kustahimili, aking'atwa kipindi kile anaugua kidogo au haugui kabisa na anabaki na kinga. Huyo wa Dodoma kama ametoka kwenye zizi kavu lisilo na kupe wa madoa, au alikuwa anaogeshwa kila wiki, ameingia kwako mwili haujawahi kukutana na mdudu. Na Boer kwenye minyoo ni dhaifu kuliko mbuzi wetu wadogo.

---

Morani Mstaafu

Mleta uzi uko vizuri ila ongeza hili, huku Longido na Ngorongoro mbuzi akizunguka zunguka tunaita ormilo, na sio wote ni kupe. Kuna ile ya tegu wa mbwa. Mbwa anakula kichwa cha mbuzi aliyekufa, anapata tegu, ananyea malishoni, mbuzi anakula majani na mayai, kinakua kifuko cha maji ndani ya ubongo. Huyo anazunguka upande mmoja wiki na wiki, kichwa kimeinama, jicho moja halioni, fuvu ukilibonyeza kuna mahali limelainika. Hana joto. Vijana wanampiga oksi (antibayotiki ya oksitetrasaiklini) mpaka inaisha dukani.

---

Mzee wa Zizi

Ahsante Morani, hilo ni muhimu na nililisahau. Tofauti ni kasi: moyo kujaa maji ni siku mbili tatu na joto liko juu, hiyo ya tegu inaburuta. Dawa ya ormilo ya tegu ni kuwanyima mbwa vichwa, chimbeni shimo mfukie au choma, na mbwa wapewe dawa ya minyoo.

Na Kidume naona utajiuliza: hicho kichwa nilichosema upeleke Temeke, mbwa wasikiguse kabla hujafika 😅

---

Nyikani Kajiado

Wadau, Kenya hapa. Daktari naomba uguse ile Nairobi sheep disease pia, sababu watu huku wakiona kondoo anahara damu na kupe wako kwa masikio wanasema ni damu ina wadudu. Mimi nilinunua kondoo kutoka huku chini kwenye joto nikapeleka kwa shamba ya mzee wangu pande za Limuru, zikaanguka moja baada ya ingine, kuhara kwanza kijani halafu damu, na zile mimba zote zilitoka.

---

Mzee wa Zizi

Mkuu wa Kajiado hiyo ni virusi siyo mdudu wa damu, ila kupe ndo mbebaji, kupe wa masikio wa kahawia yule yule wa ndigana kali ya ng'ombe. Iligunduliwa huko huko kwenu mwaka 1910. Inafuata mkondo ule ule niliomwambia Kidume: kondoo wa sehemu kavu isiyo na kupe yule akipandishwa nyanda za juu anakufa, na wanaweza kufa zaidi ya nusu ya kundi, huku wenyeji hawashtuki. Haina dawa. Antibayotiki unapiga kwa ajili ya magonjwa nyemelezi tu. Ukihamisha kondoo kwenda ukanda ule, kuzuia kupe kuanzie siku wanashuka kwenye lori, siyo mwezi unaofuata.

Na kutupa mimba kunaweza kuwa homa ya Bonde la Ufa (Rift Valley fever) pia, au magonjwa mengine yanayompata binadamu, kwa hiyo msishike vile vitu kwa mikono mitupu na mtoe taarifa kwa ofisi ya mifugo.

---

Bint Batina

Assalam aleikum. Mimi niko huku Oman, babu zetu walitoka Unguja wakarudi, kondoo na mbuzi tunafuga nyumbani. Nasoma hapa mnasema theileria ya mbuzi haina neno, basi jamani huku si hivyo hata kidogo. Huku iko Theileria lestoquardi, zamani wakiita T. hirci, inaua kondoo kweli kweli hasa wale wageni wanaoletwa kwa meli. Tezi za mbele ya bega zinavimba ukizishika ni kama ndimu, homa, macho yanakuwa manjano, anahema kwa tabu. Kupe wake ni Hyalomma anatolicum, huyu wala hamngoji kondoo malishoni, anaishi ndani ya nyufa za ukuta wa zizi. Daktari wetu anatumia hiyo hiyo buparvakwoni na akiwahi mnyama anapona.

---

Mzee wa Zizi

Waaleikum salaam dada. Ahsante sana, na umenisaidia kuweka mpaka wa niliyoyasema. Nilikuwa naongelea Tanzania na Kenya. Hiyo lestoquardi iko kwenu, Irani, Iraki, Sudani, Misri, mpaka India, na huko buparvakwoni ni dawa sahihi kabisa, miligramu 2.5 kwa kilo. Irani wana hadi chanjo yake. Kwa hiyo chupa ile ile ambayo Chalinze ni hasara, Sohar huko Oman inaokoa kondoo. Kuta za zizi zibeni nyufa, chokaa na saruji, ukiogesha mnyama tu na kuta zimejaa kupe unazunguka pale pale.

---

Fundi Manati

Duh kumbe hadi kupe ana pasipoti. Sasa wakuu dozi tupeni, mtu yuko kijijini kituo cha mifugo kiko kilometa 40 na bwana mifugo hana mafuta ya pikipiki

---

Mzee wa Zizi

Haya, kwa wale wa mbali, na bado nasema mpigie mtaalamu simu kwanza.

Joto juu, kupe wa madoa wapo, hajaanza kuzungusha miguu: oksitetrasaiklini ya asilimia 20 ile ya kukaa muda mrefu, ml 1 kwa kila kilo 10 kwenye nyama, yaani miligramu 20 kwa kilo. Mbuzi wa kilo 30 ni ml 3. Ingiza ndani kabisa ya msuli, ukipiga nyingi sehemu moja anavimba na kuchechemea. Dawa hiyo ndiyo ya moyo kujaa maji na ndiyo ya anaplasma, na hii ni bahati yetu maana hata ukishindwa kutofautisha hizo mbili utakuwa umepatia. Akishaanza kupiga miguu hewani mara nyingi umechelewa, piga lakini usimlaumu mwenye duka.

Kukojoa damu kweli kweli, mkojo rangi ya kokakola: diminazini ile ya unga kwenye pakiti, changanya maji kama pakiti inavyosema, miligramu 3.5 kwa kilo, ambayo kwa zile pakiti za kawaida mbuzi wa kilo 30 ni ml 1.5. Hii inatibu na nagana pia kwa walio kwenye mbung'o.

Baada ya oksi ya muda mrefu, nyama ni kama wiki nne ndo uuze, soma lebo. Nawajua mlivyo, anapigwa asubuhi jioni yuko kwenye supu.

---

Mjukuu wa Mchunga

Mimi babu alikuwa anapaka oili chafu ya gari kwenye masikio na chini ya mkia kupe wanakufa wote. Na kuku wanakula kupe wa mbuzi pale bandani. Wazungu wamekuja na majosho juzi tu.

---

Mzee wa Zizi

Kuku wanakula kupe ni kweli, hata watafiti wamewapasua wakakuta kupe tumboni, tena wengi. Wafuge tu. Ila kupe wa madoa anamngojea mbuzi porini sio bandani, na yule mchanga anakula kwa ndege wa porini pia, kanga wamo.

Oili chafu acha. Inaunguza ngozi, ina vyuma vizito, inaingia kwenye maziwa. Wazo la babu la masikio na chini ya mkia lilikuwa sahihi kabisa, hapo ndo anakaa yule wa miguu myekundu, na pampu ukinyunyiza mgongoni kwa haraka kama unamwagilia mchicha humgusi. Chukua dawa ya kupe iliyochanganywa vizuri, kitambaa au brashi, ingiza sikioni, chini ya mkia, katikati ya kwato, kwenye kiwele. Yule wa madoa ana mdomo mrefu, akikaa kwenye kwato au chuchu anaacha kidonda kinachooza, mbuzi anachechemea na mwenyewe anasema miguu na midomo.

Amitrazi ya asilimia 12.5 ni ml 2 kwa lita moja ya maji. Mbili, siyo "kifuniko kimoja kwa ndoo". Hapo kwenye kifuniko ndo kupe wanazoea dawa, halafu mnahamia dawa nyingine nayo mnaipunguza vile vile. Mbuzi na kondoo wanaivumilia, punda na farasi usiwaogeshe hiyo. Masika kila wiki, kiangazi kila baada ya wiki mbili kama kupe wamepungua.

Halafu habari ya wazungu na juzi: kule Afrika Kusini kuna shajara ya 1838 ya Louis Trichardt, msafiri wa Kikaburu, kaandika kondoo wake walivyokufa wiki kadhaa baada ya kujaa kupe. Wafugaji walishaunganisha kupe na kifo mapema. Mwanasayansi Lounsbury ndo alikuja kuthibitisha 1900 kwamba ni yule kupe wa madoa, na mdudu mwenyewe akaonekana 1925 na Cowdry. Kwa hiyo babu yako hakuwa nyuma, oili tu ndo sikubaliani nayo.

---

Nyikani Kajiado

Na ivamektini? Huku agroveti wanasema moja inamaliza kupe na minyoo, kazi kwisha.

---

Mzee wa Zizi

Minyoo ndiyo, kama haijazoea. Kupe, usiitegemee. Kupe wetu hawa wanashuka na kupanda wanyama tofauti, yule anayepanda leo anakuta dawa imeshapungua mwilini, na anamtemea mdudu kabla hajafa. Isitoshe ukipiga ivamektini kila mwezi kwa ajili ya kupe unawafundisha minyoo kuistahimili. Mpe dawa ya minyoo yule tu ambaye utando wa jicho umepauka, kuna ile kadi ya rangi tano kutoka Afrika Kusini, ya kwanza nyekundu, ya tano nyeupe, ya nne na ya tano unatibu bila kujiuliza. Na wewe wa Kajiado una kondoo wekundu wa Kimasai mlangoni, ILRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo) waliwapima pamoja na kondoo wa Dorper kule Diani, pwani ya Kenya, wekundu wakaonekana kuistahimili minyoo vizuri zaidi. Watu wanawauza wanunue Dorper kwa sababu ya ukubwa. Sielewi, ila hela ni zako.

---

Kidume cha Chalinze

Wakuu mrejesho. Jike slaidi ya damu wameona anaplasma chache tu, mayai ya minyoo wamesema ni mengi mno, dawa nilishampa siku ile uliposema, kafuko ka taya kamekwisha anakula vizuri. Jana jike lingine katika wale wageni asubuhi limesimama peke yake, nikapima joto 41.3, nikapiga oksi ml 4 hapo hapo sikungoja. Leo asubuhi 39.9, limeanza kuchungulia majani. Mleta uzi Mungu akuweke. Swali moja, hawa wageni waliobaki niwapige oksi wote kama kinga? Na mwezi ujao naleta wengine.

---

Mzee wa Zizi

Safi sana, hiyo 41.3 ungeingoja mpaka jioni tungekuwa tunaongea habari nyingine. Rudia joto leo jioni na kesho, likipanda tena mpigie aliyekupa dawa mshauriane dozi ya pili.

Waliobaki usiwapige wote leo. Kila asubuhi kwa mwezi mzima wapime joto kabla hawajatoka, anayezidi 40.5 anabaki na anachomwa. Ukiwapiga wote bila kuugua unaweza kuwa unachelewesha tu, mdudu hajaingia na kinga haijajengeka, dawa ikiisha mwilini wako pale pale.

Hao wa mwezi ujao muulize muuzaji anawaogesha mara ngapi na malisho yao yana kupe wa madoa au hayana. Wakifika watenge, dawa ya minyoo, wakague masikio na mkia. Ukiweza leta wadogo waliotoka kuachishwa kunyonya kuliko mabeberu wakubwa wa bei mbaya, na wasije masika. Beberu mmoja mkubwa kwenye kupe za Chalinze mwezi wa nne, hiyo siyo biashara.